Bwana Kifungu na Mzigo Usiokaguliwa

Mvua ndiyo iliyompeleka mahakamani, si askari, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza kwa mtu wa kazi yake. Alikuwa akipita zake mjini na saa za mkononi za kuuza, zile za dhahabu ambayo huacha kuwa dhahabu ikilowa. Matone ya kwanza yalipoanguka akaona mtaji wote unakwenda na maji, akatumbukia kwenye jengo la kwanza lililokuwa na mlango wazi. Ndani akakuta mabenchi, feni, na watu wamenyamaza kama wanaosubiri chakula cha msiba. Akakaa nyuma kabisa, akavua viatu apate kukausha soksi.

Kizimbani alisimama dereva wa lori. Wakili wake, mtu mfupi mwenye suruali iliyokuwa ikimponyoka, alikuwa akimhoji askari wa barabarani.

"Afande, ulipomsimamisha mteja wangu na kumpekua, ulikuwa na shaka la msingi?"

"Nilikuwa na nini?"

"Shaka la msingi."

Askari akamtazama hakimu, akatazama dari, akatazama buti zake mwenyewe. Hakuona msaada popote. "Mheshimiwa," akasema, "nilikuwa na kofia na filimbi."

Watu wakaangua kicheko, hakimu akaandika kitu, na kabla mvua haijakatika dereva wa lori alikuwa nje anakumbatiwa na shangazi zake.

Mtu wetu akavaa soksi zake mbichi, mwili wote unamwasha. Katika kuzunguka kwake alikwisha kuona watu wakiogopa bunduki, wakiogopa mbwa, wakiogopa mama wenye nyumba. Lakini sare ya serikali kuogopa maneno matatu, na maneno yenyewe hayana leseni, yeyote anaweza kuyabeba! Alitoka pale na elimu yake yote ya sheria: "shaka la msingi", "kwa mujibu wa kifungu", na "jina na namba yako, afande". Kifungu chenyewe hakujua ni cha ngapi, kwa hiyo tangu siku hiyo alikitaja kwa namba tofauti kila mara, ili namba zisichoke. Ndiyo asili ya jina lake, Bwana Kifungu. Aliloitwa na mama yake tuliache, polisi wa miji kadhaa wanalo tayari.

Akanunua kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, kama wanavyovaa wajenzi wa barabara, akakipeleka kwa mchora mabango.

"Niandikie mgongoni: MWANGALIZI."

"Mwangalizi wa nini?" akauliza mchoraji, brashi hewani.

"Weka nukta."

"Kaka, watu watauliza wa nini."

"Wanaouliza ni wachache, wanaoogopa ni wengi. Weka nukta."

Basi kwenye daraja la kuingilia mjini palikuwa na kizuizi cha polisi: mapipa, ubao wa misumari, na mwavuli uliokwisha kupoteza mbavu. Mkuu wa pale alikuwa Sajenti, mwanamke mnene mwenye macho ya polepole, aliyekaa kwenye kreti la soda na kuona kila kitu. Chini yake alikuwepo Koplo, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyoweza kuchomoa ufunguo wa gari kabla gari halijasimama vizuri. Koplo hakuomba rushwa hata siku moja, na huo ulikuwa usanii wake. Alitia ufunguo mfukoni, akaanza kuzungumza juu ya jua kali na koo kukauka, mpaka dereva mwenyewe aelewe.

Siku ya kwanza Kifungu alisimama kando ya pipa, mikono nyuma, akatazama. Alikuwa na kibao cha kubania karatasi, na kila Koplo alipochomoa ufunguo, yeye alichora mstari. (Alikuwa akichora bata. Lakini kwa mbali bata na mashtaka hufanana.)

Koplo akavumilia, akavumilia, mwishowe akamjia.

"We nani?"

"Endelea na kazi, afande. Jifanye sipo."

"Nimekuuliza we nani!"

"Na mimi sijakuuliza jina lako wala namba yako." Kifungu akatabasamu kama daktari wa meno. "Bado."

Koplo akazunguka nyuma kusoma kizibao. Akasoma neno, akasoma na nukta. Nukta ndiyo iliyommaliza. Akarudi kwenye teksi aliyokuwa ameisimamisha, akamrudishia dereva ufunguo wake kwa mikono miwili na kumtakia safari njema. Dereva wa teksi, ambaye maishani mwake hakuwahi kutakiwa safari njema na mtu mwenye filimbi, nusura aingie mtoni.

Habari ikaenea mjini haraka kuliko moto wa makuti. Asubuhi, wenye magari mabovu na dhamiri mbovu walimngoja kabla ya daraja ili akae kiti cha mbele na kuwavusha. "Ana shaka la msingi huyu?" angeuliza dirishani, kidole juu, na kizuizi kingefunguka. Alikusanya pesa zake, akarudi kwa miguu, akapanda gari jingine. Halafu jua likifika utosini, Koplo alimfuata nyuma ya nguzo ya daraja na kumpa kilicho chake, ili mchana akaangalie barabara nyingine. Hivyo asubuhi Bwana Kifungu alilipwa ili awepo, na mchana akalipwa ili asiwepo. Sijui kazi nyingine yenye mpango mzuri kama huo, ukiacha ubunge.

Sajenti peke yake hakumlipa wala hakumwogopa.

"Bwana Kifungu," alimwambia siku moja, bila kuinuka kwenye kreti, "haki za dereva nazijua kabla yako. Ana haki ya kuambiwa kwa nini nimemsimamisha. Akilipa faini ana haki ya risiti. Ufunguo ni wake, si wa Koplo, na Koplo nitamalizana naye. Lakini na mimi nina haki ya kutazama tairi. Wewe unanipitishia magari yenye tairi kama kichwa cha mtoto mchanga."

"Afande, upara si kosa."

"Kichwani si kosa."

"Kwa mujibu wa kifungu cha..."

"Jana kilikuwa cha arobaini. Leo cha ngapi?"

"Vinazaana, afande. Sheria ni kitu hai."

Sajenti akacheka kwa tumbo tu, mdomo haukushiriki. "Ipo siku utatetea kitu usichokijua," akasema. "Nenda, gari lako linakungoja."

Msidhani hizo fedha zilikwenda kwenye ulevi. Bwana Kifungu alikuwa amependa, na mwizi akipenda huwa na gharama kuliko mwaminifu.

Ilianza kwa koti. Alilipeleka kwa fundi cherehani mmoja karibu na soko ili limkae kiwakili. Yule fundi, mwanamke wa maneno machache, alimzungushia futi kifuani, pini zimejaa mdomoni, akamwambia, "Simama wima." Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo kwa upole. Akasimama wima mpaka mgongo ukalia.

"Wewe wakili wa namna gani," Fundi aliuliza, "koti linakubana kwapani?"

"Wakili wa wanyonge."

Akacheka, pini zikamwagika sakafuni, na Bwana Kifungu akapiga magoti kuziokota moja moja. Hapo habari yake ikawa imekwisha.

Kikwazo kilikuwa mama mtu. Mama huyo, mjane, mfanyabiashara wa vitunguu katika mji wa pili, alikuwa hajawahi kumwona huyo wakili, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Simwozi binti yangu kwa koti. Jumamosi nakuja kuiona nyumba. Nikikuta nyumba ya mtu, nitakaa. Nikikuta geto, narudi na mwanangu."

Ndipo pesa za darajani zikageuka vyombo. Kitanda cha mbao kilichochongwa maua. Seti ya makochi. Kabati la vioo. Friji lililoguruma kama simba aliyeshiba. Vyumba viwili vya kupanga vikajaa mpaka mtu akitaka kugeuka inabidi atoke nje kwanza. Yeye mwenyewe alilala kwenye mkeka ubavuni mwa kitanda, asije akakitia kasoro kabla ya Jumamosi. Akampa Fundi ufunguo apate kuingia kupima madirisha, kwa maana mapazia atashona mwenyewe. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa roho yake. Tangu azaliwe alikuwa amepata vitu vingi kwa uongo, lakini hiki alikitaka kiwe chake hasa.

Ijumaa, jua halijafika utosini, pikapu moja ikasimama kabla ya daraja. Nyuma ilikuwa imebeba mlima uliofunikwa turubai la bluu na kufungwa kamba kila upande. Mbele, kando ya dereva asiyesema, alikaa mama wa makamo, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, leso machoni.

"Baba, wewe ndiye Mwangalizi?"

"Ndiye, mama yangu. Lia taratibu, unieleze."

"Nimemkimbia mwanamume. Nimebeba vyombo vyote. Sasa hawa askari wakifunua turubai hapa barabarani, watu wataona, habari itamfikia kabla sijafika kwetu. Nisitiri, baba."

Bwana Kifungu akaingia, akafunga mlango, akakohoa kikohozi cha ofisini. "Ada yangu ni kabla ya daraja."

"Nusu sasa, nusu tukivuka. Mimi ni mwanamke niliyedanganywa, siku hizi siamini mtu."

Akapokea nusu. Mama mzima, machozi, na bado anapatana bei! Akamheshimu kidogo. "Kwani huyo bwana alifanya nini?"

"Uongo, baba. Kazi aliyosema anafanya, hafanyi. Cheo alichosema anacho, hana. Mdomo mtamu, hata nyuki wangemfuata, na chini ya mdomo hakuna kitu."

"Ah!" Bwana Kifungu alisikitika kwa dhati, alikuwa mwepesi wa kuhuzunishwa na uongo wa watu wengine. "Mwanamume anayemdanganya mwanamke juu ya kazi yake! Mama, huyo si mtu, huyo ni matangazo. Umembakishia nini?"

"Ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya maji tu, baba. Nilimwonea huruma."

"Hapo ulikosea. Ungechukua na ndoo. Mwongo wa namna hiyo akinge maji kwa viganja."

Mama akajifunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika. Bwana Kifungu akampigapiga mgongoni akidhani ni kilio.

Wakafika kwenye mapipa. Siku hiyo Sajenti aliinuka kwenye kreti. Akaizunguka pikapu polepole, akavuta kamba, akasikiliza kitu cha kioo kikigongana chini ya turubai.

"Mzigo gani?"

"Vyombo vya nyumbani," dereva akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Vya nani?"

Dereva akamtazama mama, mama akatazama mto, na Sajenti akawatazama wote. "Kamba zimefungwa na mtu mwenye haraka," akasema. "Dereva hajui mzigo ni wa nani. Mwenye mzigo analia jicho moja. Nataka kuona chini ya turubai."

Bwana Kifungu akashuka. Wale waliokuwepo wanasema hakuwahi kusema vizuri vile, wala hatasema tena. Alianza kwa sauti ya chini, akauliza tangu lini machozi ya mwanamke yakawa ushahidi. Akapanda, akasema kama kamba kufungwa vibaya ni kosa la jinai, basi nusu ya viatu vya nchi hii viko chini ya ulinzi. Akasema gari la raia ni sebule yake yenye magurudumu, na hakuna anayeingia sebuleni kwa mtu na kufunua vitanda kwa sababu tu amevaa kofia. Madereva wa nyuma wakazima injini, wakashuka, wakaanza kupiga makofi. Kondakta mmoja akapiga mluzi. Koplo akajificha nyuma ya mwavuli.

"Kwa mujibu wa kifungu cha sitini na tisa," akamalizia, kidole mbinguni, "una shaka la msingi, afande, au una udadisi tu?"

Sajenti hakukasirika. Alimkaribia mpaka tumbo lake likagusa kibao cha bata. "Bwana Kifungu, nguvu ninayo, lakini sitaitumia mbele ya watu hawa na wewe umewapandisha mori hivi. Nakuuliza mara ya mwisho kwa wema. Unausimamia mzigo huu?"

"Nausimamia kama wangu."

"Kama wako?"

"Kama kila kijiti kilichomo nimekinunua kwa jasho langu mwenyewe!"

"Haya," Sajenti akasema, akavuta ubao wa misumari pembeni. "Pita."

Makofi yakawasindikiza hadi ng'ambo. Pale Bwana Kifungu akanyoosha mkono wa nusu iliyobaki.

"Utaipata tukionana," mama akasema, macho yamekauka kabisa.

"Tutaonana wapi, mama?"

"Mji wenyewe mdogo huu." Pikapu ikatimua vumbi, ikamwachia moshi na heshima.

Hakujali. Siku ya ushindi mtu husamehe madeni. Akanunua sabuni ya kusafishia vioo vya kabati, akaenda nyumbani akipiga mluzi. Uani, jirani yake alikuwa akianika nguo.

"Jirani, ndiyo nini kuhama bila kuaga?"

"Nani kahama?"

"We si ndiye? Wachukuzi wamekuja asubuhi, wametoa kila kitu. Nikasema, wakili kapata nyumba kubwa."

Bwana Kifungu akasukuma mlango. Nyumba ilikuwa kubwa kweli. Hakuwahi kujua ina ukubwa ule. Kuta zilimrudishia pumzi zake. Katikati ya sebule ilikuwepo ndoo. Akaitazama ndoo, ndoo nayo ikamtazama, na maneno yake yote ya asubuhi yakaanza kumrudia moja moja, kila moja na ufasaha wake.

Alikimbia hadi darajani kizibao kikipepea.

"Afande! Ifuateni ile pikapu!"

"Ipi?" Sajenti alikuwa amerudi kwenye kreti.

"Ile niliyoivusha! Ile ni mali yangu! Kitanda changu, makochi yangu!"

"Si ulisema? Kwa jasho lako mwenyewe. Nilikusikia, na madereva walikusikia."

"Afande, usinitanie, nimeibiwa!"

"Sikutanii. Keti hapa." Akatoa karatasi, na uso wake ukawa wa kazi, usio na kebehi. "Kama umeibiwa una haki ya kulalamika kama raia mwingine yeyote, na mimi nina wajibu wa kuandika. Kazi yako?"

"Mwangalizi."

"Wa nini?"

Nyuma ya mwavuli Koplo akakohoa kama mtu aliyemeza filimbi. Sajenti akaruka mstari.

"Mlango umevunjwa?"

"Haujavunjwa."

"Basi umefunguliwa kwa ufunguo. Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba yako?"

Hapo ndipo yote yalipomfikia. Futi. Madirisha. Mama wa vitunguu ambaye hajawahi kumwona. Akakaa pale, jasho linamchuruzika kwenye mistari ya kung'aa, na ulimi ule uliovusha magari ya mji mzima ukaganda. Neno moja tu lingetosha. Angelitaja, polisi wangegonga mlango wa fundi cherehani jioni ile ile, na pengine makochi yangerudi.

"Hakuna," akasema. "Hakuna mwingine mwenye ufunguo."

Sajenti akainua kalamu. "Una hakika?"

"Yaruke hayo, afande. Liache suala zima." Akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu aje pale hakutaja kifungu chochote.

Jumamosi walikuja kama walivyoahidi, kwa maana wafanyabiashara wa vitunguu hawavunji miadi. Mama alibisha hodi, akaingia, akakitupia macho chumba kitupu, akaipindua ndoo na kuikalia.

"Nyumba nzuri," akasema. "Ina nafasi."

Fundi alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Ni wewe, mama," Bwana Kifungu akasema.

"Ni mimi, mwanangu. Shikilia kwanza nusu yako, nilisema tukionana." Akamwekea mkononi. "Biashara ni biashara."

"Mama, huna haki ya kuingia nyumba ya mtu na kuchukua mali yake bila..."

"Nishitaki." Mama akatulia vizuri kwenye ndoo. "Si wewe wakili?"

Kidole cha Bwana Kifungu kilikuwa kimeanza safari yake ya juu. Kikasimama njiani, kikarudi chini.

"Niliona kizibao kabatini nilipokuja kupima," Fundi akasema taratibu. "Nikajiambia ni cha kazi za sheria. Siku ya pili nilikuwa kwenye basi naenda kwa mama, nikakuona darajani. Wanyonge wako walikuwa wanakulipa dirishani, na askari anakulipa nyuma ya nguzo. Ulikuwa unakula huku na huku kama panya wa nyumba mbili."

"Fundi, vile vitu vyote vilikuwa vyako. Nilivinunua kwa ajili yako."

"Ndiyo maana nimevichukua."

Hakuna hakimu duniani ambaye angeipinga hoja hiyo. Mama alitikisa kichwa kwa fahari ya mzazi. "Friji limeshapata mteja," akaongeza. "Lilikuwa linaguruma sana."

Fundi akaingia hatua mbili. "Nilikwenda kumpokea mama darajani leo asubuhi, Sajenti akamtambua, akatusimamisha. Ametwambia jana ulirudi kushitaki. Anasema alikuuliza nani ana ufunguo, ukasema hakuna."

Bwana Kifungu akaikunja ile nusu ya malipo mkononi.

"Kwa nini? Ulijua ni mimi."

"Sikutaka waje kwako na yale mabuti." Akatafuta la kuongeza, kitu kitamu, akakosa. "Basi."

Fundi akaenda dirishani, akatoa futi mkobani. "Dirisha hili nadhani nilikosea kulipima," akasema, akalipima upya, polepole, juu hadi chini, kama mtu asiye na haraka ya kuondoka.

Mama akaliona lile futi linavyotembea, akashusha pumzi. Mama wote wanaijua ile hesabu. "Haya, sikiliza wewe mdomo," akasema. "Jumatatu nina magunia ya vitunguu yanapita darajani. Yule Koplo ananisumbua kila wiki. Utakaa juu ya mzigo na kizibao chako. Malipo ni chakula cha mchana."

"Na Fundi?"

"Binti yangu si gunia la kuvushwa na mtu. Akitaka kuvuka, atavuka kwa miguu yake. Wewe beba vitunguu kwanza, tukuone."

Jumatatu asubuhi pikapu ile ile ikaingia kwenye foleni ya daraja, turubai lile lile la bluu, kamba zile zile. Juu kabisa alikaa Bwana Kifungu. Usiku hakulala vizuri, na si kwa sababu ya sakafu. Alikuwa amefika mapema kusaidia kupakia, akakuta magunia yamekwisha kupangwa na kufunikwa. Alipoinua pembe ya turubai, mama alimpiga kofi mkononi. "Vitunguu havitaki upepo," akasema, haraka mno kwa mtu aliyekuwa akizungumza habari za vitunguu.

Koplo alipoona kizibao alikwenda kununua maji. Sajenti akaja mwenyewe.

"Mzigo gani?"

"Vitunguu, mwanangu," mama akajibu kutoka kiti cha mbele, mtandio juu ya nyusi.

Sajenti akainua macho. "Bwana Kifungu. Unausimamia?"

Bwana Kifungu akainama mpaka karibu aanguke. "Afande," akanong'ona, "kagua."

"Unasemaje?"

"Kagua. Funua turubai. Toboa gunia moja, mawili, yote ukipenda. Mimi sitasema kitu."

"Kwa shaka gani?"

"Ninalo la kwangu, afande, nakuazima! Hata kidogo tu, pembe hii hapa..."

Sajenti akavuta pua, akanusa. Akaenda hatua nne nyuma, akazitazama tairi zote, akazigonga kwa buti moja baada ya nyingine. Zilikuwa mpya. Akaomba leseni, akaomba bima, akavirudisha. "Tairi nzima, karatasi nzima, kamba safari hii zimefungwa na mtu mwenye utulivu," akasema kwa sauti ambayo foleni yote ilisikia. "Sina shaka la msingi. Siwezi kumfunulia raia mzigo wake kwa udadisi tu. Pita, mama, safari njema."

Madereva wa nyuma wakapiga makofi. Ubao wa misumari ukasogea, na kwenye kiti cha mbele mama wa vitunguu akaanza kuimba wimbo taratibu, kama mtu anayetoka shambani na mavuno. Pikapu ikapanda daraja. Huko juu Bwana Kifungu alishika kamba kwa mikono miwili, akalala kifudifudi, akabandika pua kwenye turubai.

Palinuka vitunguu. Lakini na yeye, muda wote ule, si alikuwa akinuka sheria?